Jua, Mnara na Mashine: Mionzi Ipi Imhangaishe Mtu wa Nansio?

Mabishano kuhusu mionzi katika miji yetu midogo mara nyingi huanzia kwenye mnara wa simu. Mnara ukisimikwa jirani na shule, wazazi huuliza kama watoto wao watapata saratani, na kuuliza ni haki yao. Swali hilohilo ni nadra kuulizwa kuhusu jua la saa 7 mchana linalompiga mtoto mwenye ualbino akiwa uwanjani. Ni nadra zaidi kuulizwa kuhusu mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye anahitaji mionzi ili apone, lakini mashine iko ng'ambo ya ziwa na fedha ya kukaa Mwanza wiki tano hana.

Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ni mahali panapofaa kulipimia suala hili. Mji uko takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, katika ukanda wa mawe ya granaiti. Wakazi wake wengi wanaishi kwa kuvua, kuanika dagaa na kulima, kazi zinazofanyika nje. Hospitali ya wilaya ipo, lakini tiba ya saratani kwa mionzi haipo, hivyo mgonjwa hana budi kupanda meli. Ndani ya mazingira hayo mtu hukutana na karibu kila aina ya mionzi inayomhusu binadamu: ya jua, ya ardhi, ya chakula, ya simu na ya hospitali. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba hofu yetu imeelekezwa mahali pasipostahili. Mionzi inayoua Ukerewe ni ya jua kwenye ngozi isiyo na kinga, na mionzi inayokosekana ni ile ya tiba.

Nguvu ya mwale mmoja

Mionzi ni nishati inayosafiri. Mawimbi ya redio, ya simu, joto la jiko, mwanga wa taa, miale ya urujuanimno ya jua, eksirei na miale ya gama ni vitu vya ukoo mmoja. Kinachovitenganisha ni kiasi cha nishati kinachobebwa na kila chembe ya mwale. Nishati hiyo ikiwa kubwa vya kutosha, chembe moja inaweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kuvunja kamba ya DNA ndani ya seli. Hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita mionzi ayonisha, na ndiyo inayotoka kwenye eksirei na madini ya urani. Ikiwa ndogo, chembe hizo hata zikiwa nyingi namna gani huishia kutoa joto dogo.

Ukirusha viganja mia vya mchanga kwenye embe lililo mtini, embe halitaanguka. Jiwe moja litaliangusha. Chembe ya wimbi la simu ni punje ya mchanga. Chembe ya urujuanimno wa jua ina nishati takriban mara milioni moja zaidi yake, na ingawa kwa kawaida haing'oi elektroni, inatosha kuunganisha vibaya herufi za DNA katika seli za ngozi. Chembe ya eksirei ina nishati mara elfu kadhaa zaidi ya hiyo ya jua.

Mpangilio huu unaonekana pia katika orodha za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Mionzi ya jua, eksirei na miale ya gama iko katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mei 2011 shirika hilo liliweka mawimbi ya redio, pamoja na ya simu, katika kundi la 2B, kwa maana kwamba uwezekano haujafutwa lakini ushahidi ni haba. Hiyo haiwapi wenye minara ruhusa ya kufanya watakavyo. Vipimo vifanyike na wananchi waonyeshwe matokeo. Ila mzazi anayelala macho kwa sababu ya mnara, huku mtoto wake mwenye ualbino akienda shule bila kofia, anakesha kwa ajili ya hatari ndogo na kuiacha kubwa.

Mionzi tuliyozaliwa nayo

Jambo la pili linalopaswa kueleweka ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuishi bila mionzi. Kipimo kinachotumika kueleza madhara yake mwilini ni milisiverti. Kwa wastani wa dunia, binadamu hupokea milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye asili peke yake. Sehemu kubwa, karibu nusu, hutokana na radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka kwenye miamba yenye urani. Sehemu nyingine hutoka angani, nyingine ardhini, na nyingine katika chakula.

Majabali ya granaiti yanayotazamana na ziwa kuanzia Mwanza mjini hadi visiwani yana urani, thori na potasiamu kwa kiasi kidogo, kama granaiti ya mahali pengine popote. Radoni huwa tatizo inapojikusanya ndani ya nyumba zilizofungwa kabisa ili kuzuia baridi, kama zilivyo nyingi za Ulaya ya kaskazini. Nyumba yenye madirisha yanayofunguliwa na uwazi chini ya paa huitoa nje. Anayejenga nyumba ya kisasa yenye vioo na dari iliyozibwa, juu ya mwamba, na akumbuke kuacha njia za hewa.

Potasiamu iliyo katika ndizi, viazi vitamu na mihogo ina sehemu ndogo ya asili inayotoa mionzi, na kwa sababu mwili unahitaji potasiamu, kila mtu mzima ana maelfu ya atomu zinazolipuka ndani yake kila sekunde. Mwili umezoea. Seli hurekebisha uharibifu mdogo usiku na mchana. Kwa hiyo kusema tu kwamba kitu fulani "kina mionzi" hakutoshi kumtisha mtu wala kumtuliza. La kuuliza ni aina gani, kiasi gani, na kwa muda gani.

Jua, na wanaolipia zaidi

Kwa mizani hiyo, tulitazame jua la Ukerewe. Shirika la Afya Duniani hupima ukali wa urujuanimno kwa kipimo kinachoanzia 0, na kuanzia 11 na kuendelea hali huhesabiwa kuwa ya hatari ya juu kabisa. Katika ukanda wa Ikweta kiwango hicho hufikiwa mara nyingi mchana ukiwa mweupe. Mwezi Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita utosini kabisa mwa Nansio. Mwinuko huongeza ukali, kwa sababu hewa ya kuchuja miale ni pungufu. Mchanga mkavu wa ufukweni nao hurudisha juu takriban asilimia 15 ya urujuanimno, hivyo mwanika dagaa aliyeinama hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Mawingu mepesi hayazuii kitu kikubwa: joto hupungua, urujuanimno hupita.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, rangi inayokaa juu ya kiini cha seli na kuimeza miale kabla haijafika kwenye DNA. Ndiyo maana saratani ya ngozi inayoletwa na jua si ya kawaida miongoni mwetu. Macho hayana bahati hiyo. Mvuvi anayekaa ziwani miaka mingi bila kofia hujiongezea hatari ya mtoto wa jicho na ya nyama inayoota juu ya jicho, na hili linamhusu kila mtu awe na ngozi ya rangi gani.

Mtu mwenye ualbino hana kinga ya melanini. Inakadiriwa kwamba Tanzania ina mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400, kiwango kikubwa kikilinganishwa na nchi nyingi, na Ukerewe ni moja ya sehemu zinazofahamika kwa kuwa na jamii kubwa ya watu hawa. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba uharibifu wa jua kwenye ngozi zao huonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na kwamba waliovuka miaka 20 walikuwa tayari na saratani au dalili zinazoitangulia. Wengi hawakufika miaka 40.

Dunia iliwasikia watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya mauaji na ukatili uliotokana na imani za kishirikina, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Filamu ya Harry Freeland, In the Shadow of the Sun, iliyotoka mwaka 2012 na kurekodiwa kwa sehemu Ukerewe, ilibeba habari hiyo mbali, ikimfuata mtetezi Josephat Torner. Ukatili ule ulistahili kila laana uliyoipata. Hata hivyo, muuaji anayechukua wengi zaidi, taratibu na bila kuandikwa magazetini, ni saratani ya ngozi.

Saratani hii inazuilika, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi yenye ualbino na mazingira ya Tanzania. Shirika la Standing Voice, lililojenga kituo cha Umoja huko Ukerewe, limekuwa likiendesha kliniki za ngozi ambako watu huchunguzwa, hupewa mafuta na kofia, na vidonda vya awali hugandishwa kwa nitrojeni kabla havijageuka. Uzoefu huo umeonyesha kinachohitajika: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta yanayopakwa upya kila baada ya saa chache, na kukwepa jua kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Shule inayomruhusu mwanafunzi kuvaa kofia na shati la mikono mirefu, ikamkalisha mbele kwa sababu ya macho yake na ikapanga michezo asubuhi na mapema, imefanya kazi ya daktari bila kutumia shilingi.

Jua hilohilo lina manufaa. Maji yasiyo na tope yakitiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi na kuachwa juani kwa saa 6, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda, urujuanimno na joto huua vijidudu vingi vya kuharisha. Katika kisiwa ambako watu wengi huchota maji ziwani na kuni ni ghali, hiyo si faida ndogo.

Picha na tiba

Hofu ya pili inawahusu wagonjwa. Wapo wanaokataa eksirei ya kifua wakiamini itawaletea saratani, na wapo wanaodhani utrasaundi ya mjamzito ni mionzi. Utrasaundi ni mawimbi ya sauti. Haina mionzi hata kidogo. Eksirei ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiverti 0.1, sawa na mionzi ya asili anayoipata kwa nusu mwezi akiwa nyumbani kwake. Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu akiikataa picha hiyo anajikinga na hatari ndogo mno na kukaribisha ugonjwa unaoua, tena unaoambukiza nyumba nzima.

Siti skani ni jambo jingine. Ya tumbo inaweza kufikia milisiverti 8 hadi 10, sawa na miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili. Inapohitajika ni mkombozi, lakini isiombwe kama anavyoombwa daktari sindano ili mgonjwa aridhike. Mjamzito, au mwanamke anayehisi huenda ana mimba, amwambie mtaalamu wa mionzi kabla ya kupigwa picha. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?

Kwenye tiba ya saratani hesabu hubadilika kabisa. Hapa kipimo ni grei. Mtu akipokea grei 4 au 5 mwili mzima kwa mara moja, bila matibabu, ana nusu ya uwezekano wa kufa ndani ya miezi miwili. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi hupewa jumla ya karibu grei 50 kutoka nje, mara kumi zaidi, kisha huongezewa mionzi ya ndani kwa chanzo kidogo kinachowekwa karibu na uvimbe, na anarudi nyumbani akiwa hai. Siri iko katika mambo mawili. Miale hulengwa kwenye uvimbe tu, na dozi hugawanywa vipande vya grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Kati ya kipande na kipande seli nzima hujirekebisha, seli za saratani hushindwa. Mgonjwa akikatisha tiba wiki ya tatu kwa kukosa pesa ya malazi, anaipa saratani nafasi ya kuota tena.

Basi umbali si suala la usafiri peke yake. Ni sehemu ya dozi. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa mahali pekee nchini penye tiba ya mionzi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza. Huduma hiyo ilipofika Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza na iliyofunguliwa mwaka 1971, mgonjwa wa Nansio alipunguziwa safari ya siku nzima na zaidi. Bado anabaki na ziwa la kuvuka na wiki tano za kula na kulala mjini.

Mashine nazo zina mahitaji yao. Zinazotumia kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi, hivyo chanzo kisipobadilishwa kila mgonjwa hulazimika kulala chini ya mashine kwa muda maradufu, na foleni hurefuka. Zile zinazotengeneza miale kwa umeme hazina tatizo hilo, lakini zinadai umeme usioyumba na mafundi waliobobea. Kununua mashine ni mwanzo. Bajeti ya kuitunza ndiyo inayoamua kama itatibu.

Neno moja kwa familia: anayepigwa mionzi kutoka nje habaki na mionzi mwilini. Anaweza kula sahani moja na wenzake na kumpakata mtoto siku hiyohiyo. Mgonjwa anayeelekezwa kujitenga kwa muda ni yule aliyenyweshwa dawa yenye mionzi, kwa mfano ayodini-131 kwa ajili ya tezi, na hospitali humweleza ajitenge kwa siku ngapi.

Mionzi kama shahidi na kama silaha

Sayansi ya mionzi imetuambia mambo kuhusu ziwa lenyewe ambayo macho yasingeyaona. Kwa kaboni-14, watafiti walipima umri wa udongo uliochimbwa chini ya ziwa na kukuta kwamba Ziwa Viktoria lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, likaanza kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Kwa risasi-210, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22, walihesabu tabaka za tope la karne iliyopita na kuona kwamba mimea midogo inayochafua maji ilianza kuongezeka miaka ya 1930, sambamba na kupanuka kwa kilimo na idadi ya watu, kabla sangara hajatawala ziwa miaka ya 1980. Anayemtupia sangara lawama zote za kuharibika kwa ziwa ana jibu lake ndani ya tope hilo: mbolea na udongo unaosombwa na mvua vilitangulia.

Unguja ilitumia miale ya gama kuangamiza mbung'o. Madume yaliyofugwa Tanga yalifanywa tasa kwa mionzi na kuachiwa kisiwani kwa ndege kuanzia mwaka 1994. Majike yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na ng'ombe wa Unguja wakaepukana na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o.

Nguvu hiyohiyo imetumika kuua watu. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyogunduliwa mwaka 1915, ilisafirishwa Ubelgiji kuanzia miaka ya 1920 ili kupata radiamu ya kutibu saratani. Miaka ishirini baadaye urani ya mgodi huohuo iliingia katika mradi wa Marekani wa bomu lililopigwa Hiroshima Agosti 6, 1945. Kilichobadilika ni nia ya walioyashika madini hayo na udhibiti waliouweka.

Ndiyo maana udhibiti ni lazima. Tanzania ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Tume hutoa leseni za mashine za eksirei, hupima dozi wanayopata wafanyakazi, ambao hawapaswi kuzidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na hukagua mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walifungua mashine ya tiba iliyotelekezwa na kukuta unga unaong'aa wa sesiamu-137. Watu 4 walikufa na zaidi ya 200 walichafuliwa. Biashara ya chuma chakavu imeshamiri Mwanza na visiwani pia, na migodi ya kanda hii hutumia vipimo vyenye vyanzo vya mionzi. Kila mnunuzi wa chuma aijue alama ya panga tatu nyeusi kwenye rangi ya njano, na akiiona asifungue, asikate, atoe taarifa.

Nini kifanyike

Hesabu ikishafanywa, mpangilio wa vipaumbele kwa Ukerewe uko wazi. Mnara wa simu upimwe na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa, kisha watu wapumzike. Eksirei itumike inapohitajika bila woga. Nguvu kubwa iende sehemu mbili. Kwanza, mafuta ya kukinga jua yatoke dirishani kwenye zahanati kama zinavyotoka dawa za malaria, kwa sababu kwa mtu mwenye ualbino hiyo ni dawa ya kuokoa maisha, na isitegemee mfadhili atakuja lini. Pili, wagonjwa wa mionzi wanaotoka visiwani wapatiwe nauli na mahali pa kulala karibu na Bugando mpaka dozi ya mwisho. Wasichana wapewe chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mama zao wapimwe mapema, ili wachache zaidi waihitaji mashine ya mionzi.

Kwa msomaji wa Nansio ombi ni fupi zaidi. Ukiwa na mtoto mwenye ualbino nyumbani, darasani au jirani, mtafutie kofia pana kabla jua la kesho halijapanda, na kidonda chochote cha ngozi yake kisichopona ndani ya mwezi mmoja kipelekwe hospitali. Kikiwahiwa, hukatwa kwa upasuaji mdogo na hadithi ikaishia hapo.